Sura ya Tano: Ilikozaliwa Tetra

Mgonjwa wa kolera akifikishwa kwenye kituo cha matibabu cha Hospitali Kuu ya Uvira, jambo la kwanza wanalomfanyia wauguzi ni kumrudishia maji. Kama bado anaweza kunywa, anapewa maji yenye chumvi na sukari, kikombe baada ya kikombe. Kama amelegea, macho yameingia ndani na mapigo ya moyo hayasikiki tena kwenye kifundo cha mkono, anatundikiwa serumu mshipani. Maji ndiyo yanayomwokoa. Kutapika kukitulia, na kama ni mtu mzima aliyeishiwa maji vibaya, anameza doksisiklini miligramu 300 kwa mara moja, yaani vidonge vitatu vya miligramu 100. Dawa hiyo hufupisha siku za kuharisha na kupunguza maji yanayomtoka, na kitanda chake hupatikana mapema kwa yule anayebebwa mgongoni kutoka Kavimvira au Kalundu.

Sura hii inahusu vidonge hivyo vitatu: vilikotoka, ni nani aliyevibuni kwanza, na kwa nini vinaweza kushindwa kazi. Maswali yote matatu yanajibiwa na kipande kimoja cha DNA, ndani ya bakteria mmoja wa udongoni.

Bakteria huyo anaitwa Streptomyces rimosus. Yeye mwenyewe alipatikana Marekani, lakini jamaa zake wamejaa katika kila udongo wenye mimea inayooza: kwenye mipunga ya Luvungi, kwenye miwa ya Kiliba, kwenye mihogo inayopanda miteremko ya Mitumba juu ya mji wa Uvira. Aliyewahi kusimama katika bonde la Ruzizi siku ambayo mvua ya kwanza inagonga ardhi iliyokauka tangu Juni ameshawanusa. Ile harufu ya udongo hutokana kwa sehemu kubwa na geosmini, kemikali ambayo bakteria hawa huitengeneza kwa kimeng'enya kimoja. Mwaka 2020 watafiti wa Ulaya walionyesha kwamba harufu hiyo huwavuta wadudu wadogo wa udongoni wanaoitwa kolembola. Wadudu hao huja kula bakteria hawa, kisha huondoka na mbegu zao zikiwa zimeganda mwilini na tumboni, wakazisambaza.

Streptomyces haishi kama bakteria wengi tuwajuao, ambao ni chembe moja moja zinazoogelea. Hukua kwa nyuzi nyembamba zinazotambaa ndani ya jani lililooza, zikimeng'enya kile ambacho wadudu na ng'ombe wameshindwa kumaliza. Chakula kikiisha, sehemu ya nyuzi hizo hujiua. Miili yake huyeyuka na kuwa lishe ya nyuzi mpya zinazosimama wima hewani, na ncha za nyuzi hizo hukatika kuwa mbegu. Wakati huo ndio wa hatari kubwa kwake, kwa maana lishe iliyoyeyuka inawavutia bakteria wengine wote wa jirani, na yeye hana miguu ya kukimbilia. Hapo ndipo anapotengeneza antibiotiki.

Kuna jeni moja ndogo ambayo watafiti wa bakteria hawa wameichunguza kwa miongo kadhaa, bldA. Jeni hii haitengenezi kimeng'enya chochote. Inatengeneza kijibebeo kimoja tu cha kuletea protini kiungo chake, kile kinachosoma herufi tatu za DNA, TTA, ambazo katika Streptomyces ni adimu mno. Jeni zinazohitajika kwa uhai wa kila siku karibu zote hazina herufi hizo. Zinapatikana katika jeni zinazoamuru utengenezaji wa antibiotiki na usimamishaji wa nyuzi za hewani. Ukiifuta bldA, bakteria anaendelea kuishi na kula, ila anabaki upara bila nyuzi za mbegu, na mara nyingi hatoi dawa yoyote. Kwa jeni moja, kiumbe asiye na ubongo ametenganisha kazi za siku za shibe na kazi za siku za njaa. Sijui mpangilio mwingine katika maumbile ulio mwepesi kuliko huu na wenye matokeo makubwa hivi kwa afya ya binadamu.

Binadamu walianza kuuchota udongo kwa makusudi miaka ya 1940. Mwaka 1943, katika Chuo Kikuu cha Rutgers kule New Jersey, kijana Albert Schatz, mwanafunzi wa Selman Waksman, alipata streptomisini kutoka kwa Streptomyces griseus, dawa ya kwanza kuuweza ugonjwa wa kifua kikuu. Mwaka 1948 Benjamin Duggar, mtaalamu wa mimea aliyekuwa amepita umri wa kustaafu, alitangaza klotetrasiklini iliyotoka katika udongo wa shamba la majaribio la Chuo Kikuu cha Missouri. Kampuni ya Pfizer ikaona njia. Ikaomba udongo kutoka pande zote za dunia, ikapima sampuli zaidi ya laki moja, na mwaka 1950 ikatangaza oksitetrasiklini kwa jina la Terramycin. Mtengenezaji wake alikuwa Streptomyces rimosus. Wafugaji wa Fizi na wa nyanda za juu za Uvira wanaijua dawa hiyo hadi leo, kwani ndiyo wanayomchoma ng'ombe mwenye ndigana baridi.

Sasa tuingie ndani ya bakteria mwenyewe. Molekuli ya oksitetrasiklini ni pete nne zilizopangwa mstari mmoja, zimezungukwa na oksijeni na nitrojeni kwenye sehemu maalumu. Kemia wa hali ya juu wa karne ya 20 walitoa jasho kuijua sura yake tu. Robert Woodward na wenzake walikamilisha kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1950. Bakteria anaiunda ndani ya udongo wenye baridi au joto, bila tanuri na bila asidi kali, kwa kutumia vipande vya kaboni anavyovipata kutokana na chakula chake cha kawaida.

Miaka ya 1980 watafiti wa Uingereza, akiwemo Iain Hunter wa Scotland, waligundua kwamba jeni zinazofanya kazi hiyo hazikutawanyika ovyo katika DNA ya Streptomyces rimosus. Zimepangwa pamoja, zaidi ya ishirini, bega kwa bega. Wenzao wa taasisi ya John Innes, mjini Norwich, chini ya David Hopwood, walikuwa wameshaonyesha jambo hilohilo mwaka 1984 kwa antibiotiki nyingine: walihamisha safu nzima ya jeni kutoka kwa Streptomyces mmoja hadi kwa mwingine, na yule aliyepokea akaanza kutoa dawa ambayo hakuwahi kuijua. Kwa ugunduzi huo antibiotiki ikawa kitu kinachoweza kusomwa herufi kwa herufi, kukatwa, na kuunganishwa upya.

Ili kuifuata safu hiyo, mfikirie fundi wa mitumbwi ya ndagala pale Kalundu. Huanza na mkuku, kisha mataruma, kisha mbao za ubavuni, na mwisho kalafati na lami. Ubao wa ubavu hauna pa kushika kabla taruma halijasimama. Vimeng'enya vya oksitetrasiklini navyo hufuatana kwa mpangilio usiorukika. Kimeng'enya OxyD kinaandaa kipande cha mwanzo chenye kaboni tatu na nitrojeni moja. Vimeng'enya viwili vilivyoshikana, OxyA na OxyB, vinaongeza kwenye kipande hicho vipande vya kaboni mbili mbili, mara nane, hadi mnyororo wa kaboni 19, huku OxyC ikiushikilia usiponyoke. OxyB ndiyo inayoamua urefu: ingeruhusu kipande kimoja zaidi au kimoja pungufu, dawa isingekuwepo. Mnyororo huo, ukiachwa peke yake, hujikunja hovyo na kuwa uchafu usio na faida. OxyJ inaondoa oksijeni mahali pamoja ili ukunjike panapotakiwa, OxyK inafunga pete ya kwanza, OxyN ya pili, na pete nyingine zinafuata. OxyF inabandika kaboni moja kwenye nafasi ya sita. OxyL inaweka oksijeni, OxyQ inaleta nitrojeni nyingine, OxyT inaivisha kaboni mbili. Kuelekea mwisho OxyS inapachika oksijeni nafasi ya sita, kisha ya tano, na OxyR inafunga kazi.

Mpangilio huu hatukuujua kwa kukisia. Katika miaka ya 2000 na mwanzoni mwa ile ya 2010, Yi Tang na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walizipanda jeni hizi ndani ya Streptomyces mwingine anayelelewa kwa urahisi maabara. Waliongeza jeni moja, wakaangalia kilichotoka, wakaongeza nyingine, hata hatua karibu zote zikaonekana.

OxyS inastahili tuikalie kidogo. Yule bakteria wa Duggar wa kule Missouri, Streptomyces aureofaciens, ana kimeng'enya kilicho ndugu ya OxyS. Hicho kinaweka oksijeni nafasi ya sita na kuishia hapo, hakigusi ya tano. Halafu bakteria huyo ana kimeng'enya kingine, CtcP, kinachobandika klorini. Tofauti hizo mbili tu ndizo zinazoitenga klotetrasiklini na oksitetrasiklini. Jamii moja ya jeni, imebadilika kidogo huku na kidogo kule, na dawa zimekuwa mbili.

Na vidonge vyetu vitatu vya Uvira? Doksisiklini haitoki udongoni moja kwa moja. Miaka ya 1960 wakemia wa Pfizer waliona kwamba ile oksijeni ya nafasi ya sita ndiyo inayofanya tetrasiklini, kama jamii nzima ya dawa hizi inavyoitwa, iharibike upesi ndani ya asidi. Wakaiondoa, wakaiacha ya nafasi ya tano, na mwaka 1967 doksisiklini ikaingia sokoni. Inadumu mwilini kwa muda mrefu, na kwa sababu hiyo dozi moja inatosha kwa kolera badala ya vidonge vya siku tatu. Lakini viwanda vinavyoitengeneza bado vinaanza na oksitetrasiklini iliyochachushwa kwenye matangi makubwa yaliyojaa Streptomyces. Binadamu wameondoa hatua moja ya kazi ya bakteria. Nyingine zote amezifanya yeye.

Hapa linakuja swali ambalo msomaji makini ameshajiuliza. Tetrasiklini inawakomesha bakteria kwa kuingia ndani ya ribosomu, ile mashine ya kila chembe inayotengeneza protini, na kuziba mahali ambapo viungo vya protini huingilia. Streptomyces naye ni bakteria, naye ana ribosomu. Mbona hajiui?

Hajiui kwa sababu kinga imeandikwa kando ya dawa. Katika DNA ya Streptomyces rimosus, ile safu ya jeni za Oxy imewekewa mipaka pande mbili: upande mmoja jeni otrA, upande wa pili jeni otrB. Protini ya otrA huingia kwenye ribosomu na kuing'oa tetrasiklini iliyojishika humo. Protini ya otrB ni pampu iliyoko kwenye utando wa chembe, inayoisukuma dawa nje kadiri inavyotengenezwa. Mtengenezaji wa streptomisini ana mbinu nyingine: dawa yake anaiunda ikiwa imefungwa fosfeti inayoinyima nguvu, na fosfeti hiyo huondolewa dawa ikishatoka nje ya chembe. Njia ni tofauti, sheria ni ileile. Hakuna bakteria anayebuni antibiotiki pasipo kubuni kwanza namna ya kuihimili. Kwa mageuzi ya maumbile, aliyetangulia dawa kabla ya kinga hakuacha kizazi.

Mwaka 1973 Raoul Benveniste na Julian Davies waliandika jambo lililowasumbua madaktari kwa haki. Walikuta kwamba vimeng'enya ambavyo bakteria wa hospitalini walitumia kuziharibu dawa za jamii ya streptomisini vinafanana na vile vilivyomo ndani ya Streptomyces wenyewe. Wakapendekeza kwamba jeni za usugu hazikuzuka wodini. Zilikuwepo udongoni, zikapewa na kupokelewa kutoka bakteria hadi bakteria. Baadaye ushahidi uliongezeka. Mwaka 1994 jeni za aina ya otrA na otrB zilipatikana ndani ya bakteria wa jamii moja na yule wa kifua kikuu. Mwaka 2011 watafiti wa Kanada walichimba ardhi iliyoganda barafuni kwa miaka 30,000 katika jimbo la Yukon, wakakuta humo jeni za kuikinga ribosomu dhidi ya tetrasiklini. Hakukuwa na hospitali duniani wakati huo, wala kidonge, wala shamba.

Wala sisi Waafrika hatukuanza kuimeza tetrasiklini mwaka 1950. Mwaka 1980 wataalamu wa mifupa ya kale, George Armelagos na Debra Martin miongoni mwao, walieleza jinsi mifupa ya Wanubi wa kaskazini mwa Sudani, waliozikwa kati ya mwaka 350 na 550 hivi, ilivyong'aa rangi ya njano na kijani chini ya mwanga wa urujuanimno. Ndivyo inavyong'aa mifupa ya mtu aliyekula tetrasiklini, kwani dawa hiyo hushikamana na kalisi. Uchunguzi wa kemia uliotangazwa mwaka 2010 ulithibitisha. Maelezo yanayokubalika ni kwamba nafaka waliyotengenezea pombe na mkate ilikuwa imeota Streptomyces. Watu wa bonde la Nile waliinywa dawa hii bila kuijua, karne kumi na nne kabla ya Pfizer.

Basi jeni za kinga ni za kale. Kilicho kipya ni wingi wa dawa, na wingi huo ndio unaozipa jeni hizo sababu ya kuhama na kuenea. Tanzania iliona jambo hili mapema kuliko nchi nyingi. Kolera ilipozuka huko mwishoni mwa 1977, tetrasiklini iligawiwa kwa wingi mno, kwa wagonjwa na kwa wazima pia, kwa matumaini ya kuwakinga. Mwanzoni bakteria wote waliopimwa walikufa kwa dawa hiyo. Profesa Fred Mhalu wa Muhimbili na wenzake waliendelea kupima, na mwaka 1979 wakatangaza katika jarida la Lancet kwamba baada ya miezi mitano tu, asilimia 76 ya bakteria waliochukuliwa kwa wagonjwa hawakusikia tena tetrasiklini. Miezi mitano! Kwangu mimi, ripoti hiyo fupi ya Dar es Salaam ni miongoni mwa maandiko ya afya yenye thamani kubwa yaliyowahi kutoka Afrika Mashariki, na inasikitisha kwamba haifundishwi katika kila chuo cha uuguzi cha ukanda huu.

Mwezi Julai 1994 somo lilirudi, safari hii kwa ukatili. Mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma ndani ya siku chache, wakakaa juu ya mawe ya volkano yasiyochimbika choo, wakinywa maji ya Ziwa Kivu. Karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kuharisha, na kolera ndiyo iliyotangulia. Bakteria aliyepimwa Goma hakushindwa na tetrasiklini wala doksisiklini. Maji ya Kivu hutiririka na mto Ruzizi hadi Uvira, na watu husafiri haraka kuliko maji. Bakteria wa kolera hubeba jeni za usugu juu ya vipande vya DNA vinavyojinakili na kuhamia kwa jirani, mara kwa mara zikiwa kadhaa pamoja, kwa hiyo anayepokea kipande kimoja hupata usugu wa dawa nne au tano kwa siku moja.

Nasimama hapa nizungumzie mitaa yetu. Katika maduka ya dawa ya Uvira, na hata juu ya meza za sokoni, tetra, yaani tetrasiklini, huuzwa kwa kidonge kimoja kimoja. Mtu anayeumwa tumbo ananunua viwili, mwenye kidonda anafungua kidonge na kumwagia unga wake juu, mama anayemhofia mtoto anakata kimoja nusu. Ninawaelewa. Hospitali ni mbali, pesa ni kidogo, na usiku wa kolera hauna subira. Lakini vidonge viwili vya tetra ndani ya tumbo lenye mabilioni ya bakteria huwaua walio dhaifu na kuwaachia nafasi waliobeba pampu au protini ya kuing'oa dawa. Wale hubaki, huzaana, na wakitoka na kinyesi hufika mtaroni, na mtaro wa Uvira unaishia ziwani au mtoni. Oksitetrasiklini anayochomwa ng'ombe bila kipimo hufanya kazi hiyohiyo juu ya mlima, na mvua inakuja kuiteremsha.

Wengine husema sayansi italeta dawa mpya, tusihofu. Kuna ukweli ndani ya tumaini hilo, na ukweli wenyewe unavutia. Mwaka 2002 DNA nzima ya Streptomyces coelicolor ilisomwa: jeni 7,825, zaidi ya theluthi moja ya idadi iliyomo ndani ya mwili wa binadamu, katika kiumbe asiyeonekana kwa macho. Humo zilikutwa safu zaidi ya ishirini za kutengenezea kemikali maalumu, ilhali kwa miaka mingi maabara zilikuwa zimeona bidhaa za safu chache tu. Nyingine zote zilikuwa zimelala. Bakteria anayeshiba katika sahani ya maabara hana haja ya kuziamsha.

Kenya ndiyo inayotupa mfano ulio karibu zaidi wa kuziamsha. Kwenye migunga yenye miiba iliyovimba ya nyanda za Kenya wanaishi sisimizi wanaoitwa Tetraponera penzigi, ambao hulima ukungu ndani ya miiba hiyo. Juu ya sisimizi hao watafiti wa Norwich walipata Streptomyces mpya, wakamwita Streptomyces formicae, na mwaka 2017 Matt Hutchings, Barrie Wilkinson na wenzao wakatangaza antibiotiki zake, fomikamisini. Zinaua staphilokoki wanaojulikana kwa kuishinda methisilini, na enterokoki wanaoishinda vankomisini. Ili kuthibitisha ni jeni zipi zinazohusika, waliikata safu nzima kwa mkasi wa CRISPR, na bakteria akaacha kutoa dawa. Waliporudisha, dawa ikarudi. Katika kazi zilizofuata walikuta jeni iitwayo forJ, ambayo protini yake huikalia safu hiyo na kuizuia isifanye kazi. Walipoifuta forJ, dawa ikatoka kwa wingi zaidi kuliko mwanzo.

Najiuliza ni nini kimelala katika tope la mdomo wa Ruzizi, katika udongo wa msitu wa Itombwe, katika mchanga wa Ziwa Tanganyika, lenye umri wa mamilioni ya miaka na kina cha mita 1,470. Uvira ina Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, ambacho kimewafuatilia samaki na maji ya Tanganyika tangu zama za ukoloni. Lwiro, kaskazini ya Bukavu, ina kituo cha sayansi asilia. Vijana wanaohitimu biolojia Bukavu na Uvira wanaweza kabisa kuotesha Streptomyces. Sahani, sukari, wanga na subira ndivyo vinavyohitajika kwa hatua ya kwanza. Hatua za mbele, kusoma DNA na kupima molekuli, zinahitaji mashine na fedha, na serikali ya Kinshasa pamoja na vyuo vikuu inapaswa kuzitafuta, ili udongo wa Kivu usiishie kupandishwa ndege ndani ya vichupa vya wageni.

Hata hivyo kutoka sahani hadi kidonge ni safari ya zaidi ya miaka kumi, na nyingi za safari hizo hufia njiani. Fomikamisini zenyewe bado hazijafika hospitalini. Dawa ya kuilinda ni hii tuliyonayo, na Uvira inajua kwa tarakimu namna ya kuilinda. Aurélie Jeandron na wenzake walilinganisha siku ambazo mtambo wa shirika la maji, REGIDESO, ulisukuma maji mjini na idadi ya waliolazwa kwa kushukiwa kuwa na kolera, kuanzia 2009 hadi 2014. Siku isiyo na maji ya bomba ilifuatiwa, kwa siku kumi na mbili, na ongezeko la wastani wa asilimia 155 ukilinganisha na siku ambayo maji yalitoka vizuri. Karibu robo ya wote waliolazwa miaka ile walihusishwa na upungufu huo wa maji. Mabomba yakikauka, watu wanarudi mtoni na ziwani. Kila mgonjwa ambaye bomba limemwepusha ni mgonjwa asiyehitaji doksisiklini, na hakuna jeni ya usugu inayoenea kwa dawa ambayo haikumezwa.

Kwa hiyo madai ya kwanza ya mkazi wa Uvira kwa viongozi wake yawe mitambo ya maji inayofanya kazi kila siku, na umeme wa kuiendesha. Na wewe ndugu msomaji, siku ambayo mtu wa nyumbani kwako ataanza kuharisha maji meupe yanayofanana na ya kuoshea mchele, usitume mtoto dukani kununua tetra. Changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, mnyweshe bila kukoma, na mpeleke kituoni saa ileile. Kidonge atampa muuguzi.